Dakika 40 za Nyiragongo

Wasikilizaji wa Goma, Gisenyi, Bukavu, Uvira na kokote Kiswahili kinakosikika, mazungumzo ya leo yanahusu dakika 40. Wanasayansi walizipata walipopitia rekodi za mitambo iliyokuwa ikiusikiliza mlima Nyiragongo kabla haujalipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Walitafuta dalili za siku nyingi au wiki nyingi nyuma: mitetemeko ya mfululizo, ardhi kuvimba, gesi kuzidi. Hawakuona jambo la kutosha kumwamsha mtu. Mwaka 2022 waliandika katika jarida la Nature kwamba dalili za wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla lava haijatoka ubavuni mwa mlima.

Matokeo hayo yanashtua. Kwa miaka mingi matumaini ya Goma yaliegemea mambo mawili: kwamba mlima utatoa taarifa mapema, na kwamba patakuwapo mtu wa kuisoma taarifa hiyo. Lile la kwanza sasa haliwezi kutegemewa. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa tayari juu, karibu na uso wa ardhi, ikishikiliwa na kuta za mlima wenyewe. Kuta zilipopasuka, hapakuwa na safari ndefu iliyobaki.

Swali linalobaki ni la wanadamu. Mji wenye watu wanaokaribia milioni 2 unaweza kufanya nini kwa dakika 40?

Asiyeijua Goma huenda akajibu haraka kwamba watu wahame, waende wakaishi mbali na moto. Jibu hilo husikika sana, hasa kutoka kwa walio mbali. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, na kilele chake kiko chini ya kilomita 20 kaskazini mwa mji. Ni mmoja wa milima minane ya Virunga, na pamoja na jirani yake Nyamulagira ndiyo inayotapika hadi leo. Lakini majivu na lava za milima hiyohiyo ndizo zilizoipa Kivu ya Kaskazini udongo unaolisha watu kwa maharage, viazi, mahindi na kabichi. Jiwe jeusi la lava ndilo lililojenga kuta za nyumba, misingi ya makanisa na uzio wa viwanja. Mpaka wa Rwanda uko hapo, na maelfu huvuka kila siku kutafuta riziki. Na zaidi ya yote, kwa miaka 30 vita vimekuwa vikiwasukuma watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale kuingia Goma. Mama aliyekimbia risasi kijijini hakuja kuuchagua mlima. Alikuja mahali ambapo watoto wake wangelala bila kuamshwa na bunduki, na mahali hapo palikuwa chini ya volkano.

Basi tuseme wazi: watu wa Goma hawaishi pale kwa ujinga wala kwa ukaidi. Wanaishi pale kwa hesabu, na hesabu yao ina sababu.

Historia yenyewe wanaijua kuliko vitabu. Kwa miaka mingi shimo la kileleni lilikuwa na ziwa la lava lililokuwa likichemka usiku na mchana. Mtafiti Haroun Tazieff alilishuhudia mwaka 1948 na akalirudia tena na tena. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni na ziwa lile lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, kwa hiyo ni nyepesi, hutiririka kama uji usioiva. Siku ile ilishuka kwenye miteremko mikali kwa kasi inayokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Hakuna miguu inayoshindana na mwendo huo. Idadi ya waliokufa haikupata kujulikana sawasawa. Makadirio yanaanzia watu 70 na kupanda hadi mamia kadhaa.

Tarehe 17 Januari 2002 zamu ikawa ya mji wenyewe. Nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini na kushuka hadi karibu na nyumba za watu. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikala mitaa ya biashara na kuishia ndani ya Ziwa Kivu. Watu kati ya laki 3 na laki 4 walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Takriban 120,000 walibaki bila makazi. Na ndani ya siku chache wengi walikuwa wamekwisha kurudi, wakikanyaga lava iliyokuwa bado ya moto, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na chakula cha kutosha wala mahali pa kulala. Siku hizohizo kituo kimoja cha mafuta mjini kililipuka watu wakiwa humo wanachota mafuta, na makumi walikufa pale pale.

Tukio hilo la kituo cha mafuta linastahili kukumbukwa, maana mwaka 2021 lilijirudia kwa sura nyingine.

Usiku ule wa Mei, anga ya kaskazini iligeuka nyekundu. Habari za mwanzo zilizosambaa zilitaja Nyamulagira, mlima ambao kwa kawaida lava yake haielekei mjini. Wengine walipumua. Wengine hawakusubiri maelezo: walifunga magodoro kichwani, wakabeba watoto mgongoni, wakashika njia ya Rwanda au ya Sake. Umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji. Lava ikashuka, ikaikata barabara ya Rutshuru, ikamaliza nyumba za Buhene na vijiji vya jirani, kisha ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Kesho yake serikali ilitangaza hesabu ya kwanza ya waliokufa: watu 15. Na hapa ndipo msikilizaji anapaswa kutega sikio. Kati ya hao 15, walioungua kwa lava walikuwa 2. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Tisa walikufa kwa ajali ya gari barabarani, wakikimbia. Siku mbili baada ya mlipuko wengine walikufa kwa kukosa hewa, walipojaribu kukatiza juu ya lava iliyokuwa inapoa na bado inafuka gesi. Hesabu ya mwisho ilipita 30. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao katika msongamano ule, na mashirika ya misaada yakatumia siku nyingi kuwarudisha.

Kwa hiyo moto wenyewe uliua wachache, na hofu isiyo na maelekezo iliua wengi zaidi. Mtu anaweza kuupangia usiku kama ule kabla haujafika: nani atoke kwanza, kwa njia ipi, magari yaende upande gani, wafungwa wafanyiwe nini, watoto wavishwe nini shingoni chenye jina la mzazi. Haya hayahitaji mtambo wowote kutoka Ulaya.

Lakini mitambo nayo inahitajika, na hapa pana lawama. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, kinachojulikana kwa kifupi OVG, kipo tangu mwaka 1986. Wataalamu wake ni watu wa hapohapo, waliosoma na kuzeeka wakiutazama mlima mmoja. Mwaka 2020 msaada wa fedha uliopitia Benki ya Dunia ulikwisha na haukuendelezwa. Kwa miezi kadhaa kuelekea mwaka 2021, kituo kilikosa intaneti ya kupokea taarifa kutoka kwa vipimo vilivyo mlimani. Malalamiko ya mishahara kuchelewa yamekuwa ya kila mara. Hebu ifikirie hali hiyo: mlima wenye rekodi ya 1977 na 2002, mji unaokua kila mwaka, na mtu wa zamu hana namna ya kusikia mlima unavyonguruma kwa sababu malipo ya mtandao hayajafanywa.

Yupo atakayesema kwamba hata intaneti isingekatika kamwe, dalili zilikuwa za dakika 40 tu. Ni kweli. Na kwa sababu hiyohiyo kosa ni kubwa zaidi. Dalili ya wiki tatu inaweza kusubiri mtu apande mlimani kuchukua rekodi kwa mkono. Dalili ya dakika 40 inamfaa yule tu anayepokea taarifa muda uleule, mchana au usiku, Jumamosi au sikukuu, na ambaye mamlaka ya kupiga simu anayo mkononi bila kusubiri saini ya mkubwa.

Je, dakika chache zinaweza kuokoa watu? Jibu liko katika kisiwa kidogo cha Simeulue, nchini Indonesia. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa lilipotokea chini ya bahari karibu na Sumatra, kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyo karibu kabisa. Tsunami iliwafikia watu wake kwa dakika zisizozidi 10 hivi. Hapakuwa na king'ora wala simu ya onyo. Lakini watu wa Simeulue walikuwa wamepigwa na wimbi kama hilo mwaka 1907, na bibi na babu waliwafundisha wajukuu kwa hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikijivuta nyuma, kimbilia mlimani, usirudi kuchukua kitu. Watu wapatao 78,000 walikuwa kisiwani. Waliokufa walikuwa 7. Ng'ambo, katika sehemu nyingine za mkoa wa Aceh ambako kumbukumbu hiyo haikuwapo, walikufa au kupotea watu zaidi ya 160,000.

Tsunami hiyohiyo ilivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani yetu baada ya saa kadhaa. Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kupiga mbiu, ilipoteza watu karibu 300. Tanzania walikufa zaidi ya 10, wengi wakiwa wanaogelea. Kenya taarifa ziliwahi, polisi wakawaondoa watu fukweni Mombasa na kwingineko, na akafa mtu mmoja. Bahari ilikuwa ileile moja.

Turudi Kivu, kwa sababu mlima una wenzake.

Wa kwanza ni ziwa. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na katika maji yake ya chini kabisa yamelala takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Kwa kawaida uzito wa maji ya juu unaishikilia gesi hiyo huko chini. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kulinganisha na Kivu, lilipoachia hewa ukaa usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 hawakuamka tena. Lava ya mwaka 2002 iliingia Ziwa Kivu bila kuifikia gesi, ambayo iko chini ya mita 250. Mwaka 2021 hofu ilikuwa tofauti: baada ya mlipuko, magma ilisafiri chini ya ardhi, ikapita chini ya Goma yenyewe, mita mia chache tu kutoka kwenye sakafu za watu, ikaelekea chini ya ziwa. Mitetemeko haikukoma, barabara zikapasuka, kuta zikaanguka Goma na Gisenyi.

Ndiyo maana alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 ihamwe mara moja. Takriban watu 400,000 waliondoka. Wengi walielekea Sake, mji mdogo ulio kilomita 25 hivi magharibi; wengine Minova kwa mashua, wengine Rutshuru, wengine Rwanda. Sake haikuwa na maji wala vyoo vya kuwatosha. Watu walilala madarasani, makanisani na barazani kwa wenyeji, ambao waliwagawia kidogo walichokuwa nacho. Magma haikutoka. Tarehe 7 Juni serikali ilitangaza kwamba watu waanze kurudi kwa awamu.

Baada ya hapo manung'uniko yalikuwa mengi: tumehamishwa bure, tumeibiwa nyumba zikiwa tupu, tumelala njaa kwa jambo ambalo halikutokea. Uchungu huo ni wa haki, na aliyeibiwa alistahili ulinzi. Hata hivyo amri yenyewe ilikuwa sahihi. Kiongozi aliyeambiwa na wataalamu kwamba moto uko mita mia chache chini ya mji, kisha akaacha watu walale, angekuwa na deni lisilolipika. Kilichokosekana ni maandalizi ya huko watu walikopelekwa.

Mwenzake wa pili mlima ni mkimya zaidi, na watoto wa Goma wanamjua kwa jina: mazuku. Ni hewa ukaa inayochuja kutoka ardhini kupitia nyufa za miamba ya zamani. Haina rangi wala harufu. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni, mashimoni na kwenye misingi ya nyumba, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Mbuzi huonekana amelala, kumbe amekufa. Mtoto aliyeinama kuokota kitu anaweza kuanguka wakati mtu mzima aliyesimama kando yake hajahisi lolote. Maeneo ya Bulengo na barabara ya kwenda Sake yanajulikana kwa mazuku. Ni barabara hiyohiyo watu wanayoikimbilia mlima unapowaka, na ni huko Bulengo ambako miaka ya karibuni maelfu ya waliokimbia vita walijengewa vibanda vya turubai. Mtu anayewahamisha watu gizani bila kuwaambia wasilale mabondeni amewatoa kwenye hatari moja na kuwaingiza katika nyingine.

Matetemeko nayo hayatoi hata hizo dakika 40. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukavu na Rusizi, na upande wa Rwanda baadhi ya waliokufa walikuwa kanisani. Mwaka 2016, tarehe 10 Septemba, Bukoba ilipigwa na tetemeko la ukubwa unaokaribiana na huo, nyumba nyingi zikaanguka. Kwa tetemeko, onyo ni ukuta wenyewe: umefungwa kwa nondo au umepangwa tofali juu ya tofali kwa udongo. Hilo ni suala la mafundi na wakaguzi, na lina mazungumzo yake ya siku nyingine.

Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23. Redio haipaswi kukwepa kulitaja hilo, kwa sababu kuuangalia mlima kunategemea mtu kuweza kupita barabara. Vipimo viko kwenye miteremko ambako wenye silaha wamepita na kurudi kwa miaka. Betri huibwa, paneli za sola huibwa, fundi huogopa kupanda. Kutoka Goma kuna njia nne tu: kaskazini kwenda Rutshuru, ambako ndiko lava hupita, magharibi kwenda Sake, mashariki kuvuka mpaka, na kusini kwa mashua. Kila moja kati ya hizo inaweza kufungwa na amri ya mtu mmoja mwenye bunduki.

Kwa sababu hiyo yapo mambo ya kuwadai wakubwa wote, wa Kinshasa, wa Goma na wa Kigali, wawe wanaelewana au hawaelewani. Wataalamu wa volkano waachwe wapite na walipwe mishahara yao. Taarifa zao zisizuiwe. Mlima ukiwaka, mpaka wa Gisenyi ufunguliwe bila kuulizana karatasi, kama ulivyofunguka 2002 na 2021. Redio zote, za serikali, za dini, za jamii, zikubaliane tangazo moja fupi la Kiswahili litakalosomwa na kila mtangazaji kwa maneno yaleyale, ili pasiwe na kituo kinachosema Nyamulagira na kingine Nyiragongo.

Na yapo ya nyumbani. Wakuu wa nyumba kumi, walimu, wachungaji na maimamu wanaweza kuanza wiki hii bila kusubiri fedha ya mtu. Kila familia na ijue njia yake ya kutokea na mahali pa kukutana wakipotezana. Redio ndogo ya betri iwe na betri. Karatasi muhimu ziwe katika mfuko mmoja. Mtoto mdogo afundishwe jina kamili la mzazi wake na mtaa wake. Atakayekimbia asikanyage lava iliyoganda juu, maana ndani bado inaungua na kufuka. Asilale bondeni. Asichote mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na moto, hata kama yanatolewa bure.

Miezi michache baada ya mlipuko wa 2021, lava ilianza kuonekana tena kileleni. Kituo cha OVG hutoa taarifa za hali ya mlima kwa rangi: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Msikilizaji wa Goma, kabla hujalala leo, muulize jirani yako rangi ya sasa ni ipi, na mkiona hamuijui nyote wawili, kesho mwende pamoja kwa mkuu wa mtaa mkaiulize.